Mtoto alichemka usiku kucha baada ya chanjo ya nimonia. Nimrudishe wiki ya 14?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana wiki 12. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka kliniki hapa Mbagala, akachomwa sindano mbili, moja kila paja, na akapewa matone mdomoni. Nesi alisema moja ya zile sindano ni ya nimonia. Usiku ule alichemka mwili, akalia kama saa mbili, akishika ziwa ananyonya kidogo anaacha. Kesho yake jioni akawa sawa, lakini paja moja lilivimba na mpaka leo nikigusa nasikia kigololi kigumu. Siku nne baada ya chanjo akaanza mafua na kikohozi, yakaisha yenyewe. Mama mkwe anasema mtoto alikuwa mzima, sindano ndiyo iliyomtia nimonia. Anasema pia mtoto wa jirani alimaliza chanjo zote tatu na bado akalazwa kwa nimonia hiyo hiyo. Hataki nimpeleke ya wiki 14. Mimi nataka ila naogopa. Je, nimpe Panadol kabla ya kwenda? Naweza kuomba wasimchome zote siku moja? Halafu mama mkwe mwenyewe ana kisukari na anakohoa huu mwezi wa pili, juzi kaniuliza pembeni kama chanjo hiyo wanapewa na watu wazima."

Marahaba, mama. Nikujibu kwanza lile kubwa ili usome ukiwa umetulia: mpeleke wiki ya 14, apate zote. Homa ya usiku mmoja, kulialia, kuliacha ziwa kwa saa chache, paja kuvimba na hicho kigololi ni maudhi ya kawaida ya chanjo, na hakuna hata moja la kumnyima dozi ya tatu. Kilichonishtua kwenye barua yako kimo kwenye sentensi ya mwisho kabisa, nacho hakimhusu mtoto. Nitakifikia.

Mama mkwe usibishane naye kwa jazba. Ameona mtoto mzima anaingia kliniki, usiku mtoto anawaka moto. Mtu yeyote angeunganisha mambo hayo mawili, na kuhusu homa ameunganisha sawasawa: chanjo ndiyo iliyoileta. Alipokosea ni kwenye nimonia.

Chanjo hii haiwezi kumtia mtoto nimonia. Sisemi si rahisi, nasema haiwezi, kwa sababu ndani ya kile kichupa hamna bakteria aliye hai wala aliyekufa. Bakteria tunayemkinga hapa anaitwa nyumokokasi. Anaishi nyuma ya pua za watoto wengi wadogo bila kuwadhuru, mpaka siku anapopata njia ya kushuka kwenye mapafu, kuingia kwenye damu au kupanda kwenye uti wa mgongo. Amejivika ganda la sukari, na ganda hilo ndilo ujanja wake wote. Chembe nyeupe za damu zikimvamia anateleza kama mwizi aliyejipaka mafuta, kila anayemdaka anabaki mikono mitupu. Kinga ikishalifahamu lile ganda, hutengeneza kingamwili zinazolinata, na chembe nyeupe zinapata pa kumshikia.

Ugumu uko hapa: mwili wa mtoto aliye chini ya miaka miwili haujifunzi vizuri kutokana na sukari peke yake. Ndiyo maana chanjo ya watoto hutengenezwa kwa kuchukua vipande vya ganda hilo na kuvifunga kwenye protini, kwa kuwa protini mwili wa mtoto unaijua na kuikumbuka. Chanjo ilipozinduliwa hapa hapa Dar es Salaam Desemba 2012, na kuanza kutolewa kwa watoto wote mwanzoni mwa 2013, ilikuwa na vipande vya aina 13 za nyumokokasi. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huongezwa pia chumvi ya aluminiamu, kidogo sana, kazi yake ni kuiamsha kinga pale pale sindano ilipoingia. Hiyo ndiyo inayoeleza lile paja: kinga imeitwa, imekuja, sehemu inavimba, inauma, inapata joto. Chembe za kinga zikishtuka hutoa kemikali zinazofika kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto la mwili. Kwa kawaida homa hiyo huanza ndani ya saa 24 na huisha ndani ya siku moja au mbili, kama ilivyokuwa kwa mwanao.

Na kuna jambo la kutenda haki kidogo. Lawama zote mmeibebesha chanjo ya nimonia, wakati siku ile mtoto alipata sindano mbili. Ile nyingine, ambayo akina mama wengi huiita penta, inakinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina B, na bakteria mwingine anayeitwa Hib, ambaye naye huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sehemu ya kifaduro ndani ya penta imetengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Inafanya kazi, lakini ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwasha homa na kuvimbisha paja. Zikitolewa siku moja huwezi kuapa ipi ilifanya nini, ila mimi ningekuwa hakimu, penta ningeiita kizimbani kwanza. Muulize nesi paja lenye kigololi lilichomwa ipi, wao wana utaratibu wa paja lipi kwa chanjo ipi.

Kigololi chenyewe kiache. Kinaweza kukaa wiki kadhaa na kitayeyuka polepole. Usikikande kwa maji ya moto, usikisugue, usipake mafuta ya taa, kitunguu saumu wala dawa ya mswaki (yote haya nimeyaona kwenye mapaja ya watoto wa jiji hili). Paja likivimba siku ya kwanza, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya kawaida kinatosha. Kitakachokufanya urudi kituoni ni uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu, ngozi nyekundu inayosambaa, sehemu kuwa laini kama ina usaha, au homa iliyoondoka kisha ikarudi.

Sasa yale mafua ya siku ya nne. Hebu likumbuke benchi la kliniki: akina mama bega kwa bega, watoto wanakohoa, mzani ni mmoja na wote wanapita pale pale. Virusi vya mafua huchukua siku mbili, tatu, nne kujitokeza tangu mtoto avipate. Ukizihesabu siku, lile benchi lina kesi ya kujibu kuliko sindano. Na kwa kuwa yaliisha yenyewe na hukutaja kwamba mtoto alipumua kwa shida, hayaelekei kuwa nimonia.

Kuhusu mtoto wa jirani, inawezekana kabisa alimaliza chanjo zote na bado akaugua. Nimonia ni ugonjwa wa mapafu wenye visababishi vingi: nyumokokasi wa aina zaidi ya 100, na chanjo inabeba chache zilizo kali na zinazosumbua zaidi, kisha Hib, kisha virusi kadhaa ambavyo chanjo hii haivigusi. Wahudumu wa afya tumechangia kuwachanganya kwa kuiita "chanjo ya nimonia", mzazi akaelewa kwamba mtoto hatapata nimonia tena maishani. Ukitaka kujua inafanya nini hasa, angalia Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wamefuatilia watoto kwa miaka mingi. Kenya ilianza chanjo ya aina hii 2011, ile ya aina 10. Magonjwa mazito ya nyumokokasi wa aina zilizomo kwenye chanjo, yaani yale ya bakteria kuingia kwenye damu au uti wa mgongo, yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ilipungua kwa karibu nusu. Nimonia ya jumla iliyolaza watoto hospitali, bila kujali kisababishi, ilipungua kwa kama robo. Soma namba hizo zote tatu pamoja. Ndivyo chanjo ilivyo: nguvu kubwa dhidi ya ile inayoua haraka, na kiasi fulani dhidi ya nyingine. Mtoto wa jirani aliyelazwa huenda alipata mojawapo ya zile ambazo chanjo haizuii, na huenda asingerudi nyumbani kama angekuwa hana chanjo. Hilo la mwisho hakuna anayeweza kulithibitisha kwa mtoto mmoja, ndiyo maana tunahesabu maelfu.

Feni na baridi ya sakafu, kwa kuwa najua vitatajwa, havileti nimonia. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kimoja unachangia, sigara inachangia, na kumwachisha ziwa mapema kunachangia. Kumvalisha sweta mbili na kofia ya sufi katika joto la Dar hakumkingi na kitu, na siku ya homa kunamwongezea joto.

Panadol kabla ya kwenda, hapana. Utafiti mmoja uliofanyika Jamhuri ya Cheki na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamo, ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, kwa kujihami, kabla hata homa haijaja, walipata homa chache lakini walitengeneza kingamwili pungufu. Wengi wao bado walifikia kiwango cha kuwakinga, kwa hiyo kama uliwahi kumpa usijilaumu, ila hakuna sababu ya kuanza nayo. Subiri homa. Ikija na mtoto akawa anasumbuka, mpe. Kipimo kinafuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila dozi ipite angalau saa nne hadi sita, na zisizidi dozi nne kwa saa 24. Chupa nyingi za dawa ya maji zimeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Kama yako imeandikwa hivyo na mwanao ana kilo 5, ni mililita 2 hadi 3 kwa mara moja. Soma chupa yako, zipo zenye nguvu zaidi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linauzwa duka la dawa kwa bei ndogo. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Aspirini usimpe kamwe. Na kama kabatini kuna amoksilini zilizobaki, ziache, homa ya chanjo haitibiwi kwa antibayotiki.

Kuzigawa sindano inawezekana, lakini ukipiga hesabu utaona hupati faida. Wiki ya 14 mara nyingi huongezeka na sindano ya polio, kwa hiyo jiandae kuona tatu, moyo usikuruke. Ukizigawa, mtoto atalia siku mbili badala ya moja, huenda achemke usiku mara mbili, wewe utapanga foleni mara mbili na kulipa nauli mara mbili, na kwa siku zote za katikati atakuwa hana kinga ambayo angekuwa tayari anaijenga. Kinga yake hailemewi. Tangu azaliwe amekutana na vijidudu vingi mno kuliko vilivyomo kwenye sindano zote hizo. Nimeona pia wanaoahidi kurudi wiki ijayo, kisha ikaja mvua, ikaja safari ya msiba, wiki ikawa miezi minne. Ukichelewa kwa sababu yoyote, nenda tu, dozi haianzwi upya, anaendelea alipoishia.

Siku hiyo ukifika, kabla ya sindano mwambie nesi ilivyokuwa mara iliyopita. Mpe maelezo kamili: homa, muda aliolia, uvimbe. Saa mbili za kulia kisha akatulia si tatizo. Angelia mfululizo zaidi ya saa tatu bila kubembelezeka, au angelegea na kupauka asiitikie, au angepata degedege, nesi angehitaji kumshirikisha daktari kabla ya penta inayofuata. Mafua madogo siku ya chanjo si sababu ya kumrudisha nyumbani. Mnyonyeshe wakati anachomwa au mara baada ya hapo, inapunguza maumivu kweli. Kisha usikimbilie daladala. Kaa pale kituoni nusu saa. Mzio mkali wa chanjo ni nadra mno, kama mmoja kwa dozi milioni, lakini ukitokea, mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache: mwili kutoka vipele vya kuvimba, midomo na uso kuvimba, kupumua kwa mluzi, kulegea. Dawa yake ni adrenalini, na inapaswa kuwa pale kliniki. Kwenye gari haipo.

Usiku ule utakuwa na kazi moja ya maana kuliko kumgusa paji la uso kila dakika, nayo ni kuhesabu pumzi. Msubiri awe ametulia au amelala, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue tumbo na kifua, washa taa, fungua saa ya simu, hesabu tumbo linapopanda kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto wadogo hupumua kwa kusita na hesabu itakudanganya. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa chini ya miezi miwili ni 60 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano ni 40. Ukipata nyingi, subiri kidogo, hesabu tena. Zikibaki juu, mpeleke. Angalia pia chini ya mbavu: akivuta pumzi na sehemu ile ikabonyea kuingia ndani, usisubiri asubuhi, chukua bajaji au chochote kilichopo. Nimonia hujionyesha hapo. Joto peke yake halitakuambia.

Mambo mengine ya kumkimbiza hospitali bila kuuliza mtu: anashindwa kunyonya kabisa, anatapika kila anachokula, amelegea na haamki vizuri, au amepata degedege. Hilo la mwisho nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa wapo bado wanaoamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo wanaanza kwa mganga. Degedege la homa huwapata zaidi watoto kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Kwa mtoto wa miezi mitatu, degedege lolote ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo, liwe limefuata chanjo au la. Homa ikivuka siku mbili baada ya chanjo nayo si ya chanjo tena, akapimwe malaria na mkojo, aangaliwe masikio na kifua. Na ukisikia "akatwe kimeo kikohozi kiishe", beba mtoto wako uondoke.

Kama kwenye ukoo wenu au wa baba yake kuna selimundu, yaani sikoseli, niambie au mwambie daktari kituoni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Wengu lao huharibika mapema na nyumokokasi huwaua kwa saa chache. Kwao dozi ya tatu si ya kujadili, na wanahitaji pia penisilini ya kila siku katika miaka ya mwanzo.

Nakuja kwa mama mkwe. Ndiyo, watu wazima wanapewa, hasa wenye umri mkubwa, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au mapafu. Kwa utaratibu wa kawaida wa serikali chanjo hii ni ya watoto, hivyo mtu mzima huitafuta kwenye baadhi ya hospitali binafsi na kuilipia. Piga simu kwanza uulize kama wanayo na ni ya aina gani. Ile ya aina 20 huchomwa mara moja inatosha. Ile ya aina 13 au 15 hufuatiwa baadaye na nyingine ya aina 23, ambayo ni sukari tupu bila protini. Maudhi yake ni mkono kuuma, uchovu, misuli kuuma na wakati mwingine kichwa, siku mbili tatu yanapita.

Lakini asiende kuchanjwa bado. Mtu mwenye kisukari anayekohoa mwezi wa pili anatakiwa apimwe kifua kikuu kabla ya jambo lingine lolote. Sisi huuliza kikohozi cha wiki mbili tu, yeye amepita mbali. Kisukari huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu karibu mara tatu, na ndani ya nyumba hiyo kuna mtoto wa wiki 12 ambaye bibi yake, nina uhakika, ndiye anayembeba anapolia. Ile chanjo ya begani aliyopata mtoto alipozaliwa inasaidia kuzuia aina kali za kifua kikuu kwa watoto, haimfanyi asiambukizwe.

Kipimo ni cha makohozi, na kwenye vituo vya serikali vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Muulize taratibu kama anatoka jasho usiku, kama nguo zimeanza kumpwaya, kama amewahi kuona damu kwenye makohozi, lakini hata akijibu hapana kwa yote, aende. Mpaka majibu yatoke, afunike mdomo anapokohoa, alale chumba tofauti na mtoto kama nafasi ipo, na madirisha yabaki wazi mchana. Akikutwa nacho, mtoto naye atahitaji kuonwa na daktari, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu watoto wadogo walioishi na mgonjwa hupewa dawa ya kuwakinga.

Usisubiri tarehe ya kliniki ya mtoto. Mpeleke mama mkwe kesho asubuhi, aende na makaratasi yake ya kisukari, na mapokezi mseme "kikohozi mwezi wa pili" mapema kabisa ili asikalishwe katikati ya watu.